Dakika Tano za Fundi Suruali

Nianze kwa kukiri, ili msomaji asije akanishika baadaye: nimependelea upande. Mimi ni mpiga pasi. Nimesimama miaka kumi na tisa kwenye meza iliyo hatua mbili kutoka cherehani ya mwanamke ninayetaka kumsimulia, na yaliyompata yaliniuma kuliko mengi yaliyonipata mimi mwenyewe. Anayetaka habari isiyo na hasira akamuulize mtu mwingine.

Pale karakana tulimwita Fundi Suruali. Mafundi wanawake walikuwepo wengine, ila wao walishona magauni, mapazia na sare za wasichana. Yeye alishona suruali za wanaume, na alizishona vizuri hata wateja wakakubali kupimwa na mwanamke, jambo ambalo mwanzoni liliwatoa jasho. Mteja akijikunyata futi ikipanda mguuni, Fundi alimwambia bila kuinua macho, "Simama wima, baba. Napima kitambaa, mali yako siitaki." Karakana nzima ilicheka, mteja naye akacheka, na mwezi uliofuata akarudi na rafiki yake.

Kwa suruali hizo alimlea mdogo wake. Wazazi wao walifariki mmoja baada ya mwingine, mdogo mtu akiwa darasa la pili na Fundi akiwa ndiyo kwanza amejifunza kutia uzi kwenye sindano. Alimsomesha hadi chuo cha ualimu. Wachumba walimjia wawili, na wote wawili walitaka mtoto apelekwe kwanza kwa shangazi. Fundi aliwafungulia mlango watoke, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mdogo mtu alipoolewa, gauni la harusi lilishonwa na dada yake, gauni la kwanza nililowahi kumwona akilishona, na alilishona akinung'unika kwamba halina mifuko.

Alianguka mwaka wa nane wa kazi yetu pamoja. Stoo ya nyuma ilikuwa na ngazi nane za saruji, na alikuwa anashuka na jora la kaki begani kwa ajili ya sare za shule. Kisigino kikateleza. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee wa Pasi, nitolee hilo jora miguuni, linanielemea." Jora lilikuwa limebingirika hadi ukutani, mbali na miguu yake. Nilijifanya nalitoa.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia kiunoni. Mikono ilibaki mizima, kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuwa na kitu. Alirudi karakana baada ya miezi saba akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tajiri wetu, ambaye kwa miaka yote hakuwa na haraka ya kuweka hata kishikio cha mkono kwenye zile ngazi, sasa akajenga mteremko mzuri wa saruji mlangoni na kuuonyesha kila mgeni. Fundi alifunga pedali ya mota pembeni mwa meza, akawa anaibonyeza kwa kiwiko. Wiki mbili mishono ilipinda, wiki ya tatu ikanyooka. Alipompima mteja wa kwanza akiwa amekaa, alinikonyeza na kusema, "Sasa niko usawa wa kazi."

Watu wengi walidhani hadithi imeishia hapo: mwanamke shujaa, kazi inaendelea, tumshukuru Mungu. Na yeye aliwaacha wadhani hivyo mpaka siku ya pini.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Pini moja ilikuwa imedondoka kwenye mto wa kiti chake, ikasimama. Aliikalia tangu saa mbili hadi saa saba akishona na kupiga soga. Mimi ndiye niliyeona doa jekundu kwenye mto aliposogea kuchukua mkasi. Wanawake walipomgeuza, pini ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa. Alicheka. Akasema, "Nimechomwa na pini niliyoinunua mwenyewe." Kisha akaacha kucheka, akakaa akiitazama ile pini kiganjani. Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona, kwa sababu nyama isiyo na hisia haina haraka ya kupona.

Tangu siku hiyo mdogo wake alikuja kila jioni kumkagua. Alikaa mtaa wa pili, alikwishakuwa mwalimu. Alimlaza dada yake kitandani, akamgeuza, akamtazama ngozi yote, mgongo, makalio, visigino, akitafuta wekundu kabla haujawa kidonda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa watu wa namna hii ukuta ni hospitali. Hakukosa hata jioni moja kwa miaka sita. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa siku hizi kulisema kunanikera.

Kwenye mazoezi ya viungo Fundi alikutana na daktari mmoja wa mgongo, mtu mwembamba asiyejua kudanganya. Huyo ndiye aliyemweleza habari za seli shina. Kwenye kliniki za kuwasaidia wenza wasiopata watoto, alisema, mayai hutungishwa kwenye maabara, na viinitete vinavyopatikana huwa vingi kuliko vinavyohitajika. Vinavyobaki hugandishwa, na mwishowe vingi hutupwa. Ni vidogo kuliko nukta ya kalamu. Lakini kutoka kwenye kiinitete cha siku tano zinaweza kutolewa seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na watafiti wanajaribu kuzilea ziwe seli za mishipa ya fahamu, wazipandikize pale uti ulipoumia. Kwa wanyama wameona dalili. Kwa binadamu ndiyo kwanza wanajaribu.

Fundi alimuuliza, "Mimi nitapona?"

"Sidhani," daktari akasema. "Sitaki kukudanganya. Pengine atakayepona hata hajazaliwa."

"Basi tumshonee mapema," Fundi akasema, na wiki hiyohiyo akaanzisha chama.

Kilikutana Jumamosi pale karakana kwa sababu tulikuwa na mteremko. Walikuwa kumi na moja, wote wa viti. Aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote alikuwa dereva wa malori aliyepooza kuanzia shingoni, tuliyeendelea kumwita Dereva ingawa sasa kiti chake kilisukumwa na mkewe. Mimi nilikuwa nawachemshia chai na kusikiliza. Nilijifunza kwamba ndoto yao ya kwanza haikuwa kutembea. Dereva alitaka kujikuna pua. Kijana mmoja alitaka mkojo wake umpe taarifa kabla ya kutoka. Fundi alisema, "Mimi sitaki kukimbia. Nataka pini ikinichoma, nipige kelele mpaka majirani waje."

Wakati huo muswada wa kliniki za uzazi ulikuwa unapelekwa bungeni, na kifungu cha kumi na nne ndicho kilichokuwa roho ya chama. Kilisema hivi: viinitete vilivyobaki vinaweza kutolewa kwa ajili ya utafiti, wazazi wote wawili wakikubali kwa maandishi. Hakikumlazimisha mtu. Waliokipinga hawakutaka kliniki zifungwe, wala hawakupinga vilivyobaki vitupwe. Walitaka tu visifike maabara. Mimi si msomi, lakini hilo lilinishinda kuelewa, na mpaka leo halijanielea. Fundi alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila mahali, redioni, kwenye ofisi za wabunge, hata kwa wateja wenye suruali nusu magotini: "Uamuzi ni wa wazazi. Sisi tunaomba kile ambacho wao wangekitupa."

Sasa nirudi kwa mdogo mtu. Yeye na mumewe walikaa miaka mitano bila mtoto, na mama mkwe hakumpa raha. Wakaenda kliniki, mbali, kimyakimya. Wakapata mapacha, wa kike na wa kiume, wale watoto wakawa wanapanda kwenye kiti cha Fundi na kumwita Mama Mkubwa, na yeye akawa anawazungusha nacho karakana nzima mpaka vipande vya kitambaa vinaruka. Aliyejua siri ya kliniki alikuwa Fundi tu, na mimi kwa sababu nilikuwepo siku ilipotajwa. Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda akifuma, akasema bila kuombwa, "Dada, kule kliniki vimebaki vinne. Sheria ikipita, mimi na shemeji yako tutavitoa. Nimeshazungumza naye."

Fundi alisimamisha cherehani. "Sikukuomba," akasema.

"Najua hukuniomba. Ningengoja uniombe, ningekuwa mdogo wako kweli?"

Nilimwona Fundi akilia siku hiyo. Sijamwona tena, hata baadaye alipokuwa na sababu nzuri zaidi.

Kamati iliposikiliza maoni, ilikipa kila chama nafasi tatu za kuzungumza, dakika tano kila mmoja. Majina yalipelekwa kwa maandishi wiki mbili kabla, na yakishapokelewa hayabadilishwi. Nafasi ya kwanza alipewa daktari, ya pili Dereva. Ya tatu ilikuwa ya Fundi, na hapakuwa na mtu aliyedhani vinginevyo. Habari yake ya pini alikuwa ameikata na kuipunguza mpaka ikakaa kwenye dakika nne na nusu. Halafu Jumamosi moja akasema anaitoa nafasi hiyo kwa mdogo wake.

Nilimwambia anakosea. Alinijibu, "Mimi wakinitazama watasema huyu anajitetea mwenyewe. Mwenye viinitete vyake, mwenye watoto waliotoka hukohuko, huyo atasikilizwa. Tena yeye hana anachopata."

"Kila mtu ana anachopata," nikasema.

"Mzee wa Pasi, piga pasi."

Nikapiga pasi. Mdogo mtu alikuja kufanya mazoezi Jumamosi mbili, akisimama mbele ya meza yangu. Alizungumza vizuri, kwa sauti ya darasani. "Vimebaki vinne. Vitatupwa. Mimi na mume wangu tumeamua vikafanye kazi." Chama kizima kikapiga makofi, wale wenye mikono. Jumamosi ya tatu hakuja, akasema mtoto ana homa. Fundi akampelekea gauni jipya la kwenda nalo, la bluu, na safari hii alilitia mifuko.

Siku ya kamati tulifika mapema kwa gari la kukodi. Mdogo mtu alisema atakuja na mumewe. Nilipokwenda kutafuta choo kinachoingia kiti, nilimwona mwisho wa korido, ndani ya gauni la bluu, amezungukwa na wanawake wanne wa upande wa pili, wale waliovaa vitambaa vyeupe shingoni. Mmoja alikuwa anamfuta machozi, mwingine amemshika mkono. Aliponiona aliingiza karatasi kwenye mkoba. Nilisema moyoni mwangu, ana woga, na wanawake wamemhurumia mwanamke mwenzao. Mwenye macho haambiwi tazama, mimi nilitazama na sikuona kitu. Nilirudi nikamwambia Fundi choo kiko wapi.

Daktari alizungumza kwa namba. Dereva alizungumza kwa pua yake, akawaomba wajumbe wasijikune kwa dakika tano nzima, na mmoja alishindwa na kujikuna, watu wakacheka, na mimi nikaanza kuamini tutashinda. Kisha mwenyekiti wa kamati akasoma jina la tatu la chama chetu.

Mdogo mtu alisimama, akatoa karatasi. Hakutazama upande wetu.

"Mimi ni mwalimu na ni mama wa mapacha," alisema. "Watoto wangu walipatikana kliniki. Sijawahi kulisema hili mbele za watu. Wamebaki wanne kwenye barafu. Hao ni wadogo zao. Niliambiwa niwatoe wakakatwekatwe kwenye maabara, na kwa muda nilikubali, kwa sababu anayeomba ni damu yangu. Ni yule pale kwenye kiti. Watoto wangu wanamwita Mama Mkubwa."

Ukumbi ukageuka kumtazama Fundi. Yeye alikuwa bado ameinamisha kichwa kidogo, akitabasamu, kama mtu anayengoja sentensi aliyokwisha kuifahamu.

"Nampenda dada yangu," mdogo mtu akaendelea. "Mimi ndiye ninayemgeuza kila jioni na kumkagua ngozi. Hakuna anayeujua mwili wake kuliko mimi. Na nawaambia, dada yangu ameshazoea. Ana kazi, anacheka, ana sisi. Hahitaji miili ya watoto wangu ili awe mtu kamili. Naomba kifungu cha kumi na nne kiondolewe."

Vitambaa vyeupe vilisimama vyote. Makofi yalidumu muda mrefu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa namtazama akirudi kukaa ndani ya nguo ambayo dada yake alikuwa ameipindia upindo kwa mkono.

Fundi aliinua mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba dakika moja."

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. "Mama, chama chenu kimemaliza nafasi zake."

"Huyu aliyezungumza hakusema ya chama."

"Aliandikwa na chama, amezungumza kwa niaba ya chama. Aliyemwandika ni wewe, sahihi yako hii hapa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafuata utaratibu. "Tunaendelea."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekaa asubuhi nzima juu ya pini hakupata hata dakika moja ya kuisimulia, na wajumbe wakaambiwa ameshazoea. Kamati ilipiga kura wiki iliyofuata, saba kwa wawili, kifungu kikafutwa. Kwenye taarifa yao waliandika kwamba hata ndani ya familia za wanaoomba utafiti huo kuna pingamizi la dhamiri. Dereva alisomewa sentensi hiyo na mkewe mara mbili.

Jioni ya siku ileile ya kamati, nilikuwa bado kwa Fundi, namfungia mlango wa uani unaokwama, mdogo mtu akaja. Akaja kama kawaida, na kioo chake kidogo na taulo begani. Nimewahi kusikia habari za panya anayeuma na kupuliza, lakini sikuwahi kumwona akibisha hodi.

"Dada, nimekuja," akasema.

Fundi alikuwa amekaa kitandani tayari. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenibadilisha."

"Hapana. Ningekuambia usiende. Ningesema yangu, wewe ungekaa na yako. Uamuzi ulikuwa wako tangu mwanzo, nani alikulazimisha?"

Mdogo mtu akaanza kulia. Ikatoka yote, vipandevipande. Wale wanawake walimjia nyumbani zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Walikuwa wamekwisha kujua habari za kliniki, sijui kwa nani. Walimwambia, akisimama upande wa chama, mapacha wataitwa watoto wa chupa mpaka wazeeke, na akisimama upande wao, ataitwa mama aliyewalinda wanawe. Mama mkwe wake alikuwa mmoja wao. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mama mkwe alimkumbatia.

"Nilitaka mara moja tu na mimi niwe mtu wa kusifiwa," akasema. "Kila siku ni wewe. Shujaa ni wewe, redioni ni wewe. Mimi ni wa kubeba taulo."

Hapo nilitaka kusema neno, Fundi akanitazama, nikarudi kwenye mlango wangu unaokwama. Akamwambia mdogo wake kwa upole, na upole huo ulinitisha, "Hayo ungeniambia mimi. Kuwaambia wao nimeshazoea, hapo hukuwa unajitetea. Hapo umenichukua mdomo." Kisha akasema, "Leo sitaki kukaguliwa. Na kesho usije."

Kiburi kina bei yake, na kwa mtu asiye na hisia bei hiyo hulipwa bila yeye kujua. Alijikagua mwenyewe kwa kioo alichofunga kwenye fimbo. Mimi ni mwanamume, singeweza kumtazama. Wanawake wa karakana walikuja siku mbili, siku ya tatu hawakuja. Kulikuwa na sehemu moja chini ya kalio la kushoto ambayo kile kioo hakikuifikia. Alipopata homa, kidonda kilikuwa kimeshafika karibu na mfupa. Alilazwa wiki saba, kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, akiongea na sakafu.

Chama kilifanya mkutano akiwa hospitali. Sitaki kuwasema vibaya, wana mzigo wao. Lakini walimwondoa uenyekiti. Dereva alikwenda wodini kumwambia mwenyewe, akasukumwa mpaka kando ya kitanda. "Fundi, ile nafasi haikuwa yako uigawe," alisema. "Ilikuwa yetu sote kumi na moja. Umeigawa kwa sababu ni ndugu yako."

Fundi alijibu kutoka chini ya kitanda, "Ni kweli." Hakujitetea hata kidogo. Nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikashindwa kunywa chai niliyokuwa nimejimiminia.

Alirudi kazini mifupa ya uso imemtoka. Wateja wengi walikuwa wamehamia kwa fundi mwingine. Alianza upya kwa kupunguza viuno na kubadilisha zipu, kazi za wanafunzi. Mapacha hawakuletwa tena karakana. Bibi yao hakutaka.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kamati, mchana, mdogo mtu akaingia karakana. Alikuwa amekonda kidogo. Alisimama mbele ya cherehani kama mteja, mkoba ameubana kwapani, akanitazama mimi kwa jicho la kunifukuza. Sikuondoka. Nilikuwa na suruali sita za kupiga pasi na sikuona sababu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima. Wanakusalimia."

Hawakuwa wamemsalimia, sote watatu tulijua. Akatoa fomu, akaiweka juu ya meza, juu ya vipande vya kitambaa. Kliniki ilikuwa imeandika. Muda wa kuhifadhi umekwisha, wachague. Kulikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama: kuendelea kuhifadhi, kuwapa wenza wengine, kuteketeza. Cha nne, cha utafiti, hakikuwepo, kwa sababu sheria ilikuwa imepita bila kifungu cha kumi na nne. Alama ilikuwa imeshatiwa kwenye cha tatu. Sahihi yake ilikuwepo, ya mumewe ilikuwepo. Kulikuwa na mstari mtupu wa shahidi, ndugu wa damu wa mmoja wao.

Fundi aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari. "Hamtaki kubeba mwingine?"

"Nimechoka, Dada. Hawa wawili tu wananimaliza. Na shemeji yako hataki kusikia."

"Na wenza wengine?"

"Nipishane na wanangu barabarani nisiwajue? Siwezi." Akaigusa fomu. "Vinne tu. Walisema ni kitu cha dakika chache."

"Mama mkwe wako anajua?"

"Hapana. Hakuna anayejua. Kwa upande wake hakuna ninayeweza kumwomba asaini, akienda kusema nimekwisha." Akapangusa jicho. "Hakuna mtu mwingine ninayemwamini."

Pasi yangu ilikuwa imesimama juu ya suruali ya mtu na nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua. Niliinyanyua. Nilitaka Fundi amwambie aende kwa wale wajumbe saba, akawaombe wao wawe mashahidi. Nilitaka aichane ile karatasi. Nilikuwa na maneno tayari ya kumkopesha.

"Ukasimama mbele ya watu ukasema ni wadogo zao," Fundi akasema.

"Nilisema."

"Utarudi pale ukaseme hili?"

"Siwezi, Dada. Watanionaje?"

Fundi alivuta fomu karibu. Akatafuta kalamu kwenye kopo la chaki, akaijaribu pembeni mwa kadi ya vipimo, ikaandika. Akasaini jina lake lote, taratibu, na chini yake akaandika tarehe.

"Fundi," nikasema, sikuweza kujizuia.

"Miaka minne nimesema uamuzi ni wa wazazi," akanijibu bila kunitazama. "Niseme leo kwamba nilikuwa nadanganya?"

Mdogo mtu aliinama kutaka kumkumbatia, kiti kikamzuia, akaishia kumshika bega. "Asante, Dada. Nilijua utanielewa."

"Sijakuelewa," Fundi akasema. "Nimesaini."

Mdogo mtu aliikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mkoba na kuondoka. Aliteremka ule mteremko kwa uangalifu, amevaa viatu vya visigino. Fundi akaniomba nimpe suruali iliyofuata, na mimi nikampa.

Kliniki ilikuwa imepanga kazi hiyo Ijumaa. Ijumaa Fundi alikuja mapema, akashona tangu asubuhi bila kupiga soga na mtu. Karibu saa nne alisimamisha cherehani, akaniuliza kule kliniki huwa wanafungua saa ngapi. Nikamwambia saa mbili.

"Basi wameshamaliza," akasema.